Kompyuta Mpya ya Lori la Diriye

Kompyuta ya injini ilishuka kutoka basi la Nairobi ikiwa imevikwa plastiki tabaka tatu, na fundi Kulow akaifungua mbele ya watu taratibu, kama anayemfunua bibi harusi.

"Sogeeni mjionee," alisema. "Hii haijanusa dizeli bado. Haijui hata Garissa kuna joto. Ikijua, itaomba nauli irudi kwao."

Watu wakacheka. Gereji ya Kulow ilikuwa na wateja na ilikuwa na watazamaji, na watazamaji ndio waliokuwa wengi, kwa sababu chai ilikuwa karibu na vichekesho vilikuwa bure. Kulow aliingia chini ya kiti cha abiria cha lori, sehemu yake kubwa ikabaki nje ikitazama barabara, akaifunga ile kompyuta mahali pake, akachomeka soketi, kisha akachomeka mashine yake ya kupimia. Kompyuta mpya ukiipima haina la kusema. Ni kama mtoto mchanga, haina dhambi wala kumbukumbu.

Kioo cha mashine kikawaka, kikafikiri, kikaandika: *Hitilafu moja. Umeme hautoshi wakati wa kuwasha. Mara 41.*

Kulow alifungua mdomo atoe mzaha. Mzaha haukuja.

"Inasema nini, walaal?" aliuliza Qali, akimwita ndugu kwa Kisomali; ndiye mwenye lori, mwanamke mrefu aliyekuwa amesimama jua kali bila kutafuta kivuli. Lori hilo ndilo lililolisha nyumba mbili, yake na ya marehemu kaka yake Diriye, aliyekuwa akiliendesha. Ili kuipata kompyuta hiyo alikuwa ameuza ngamia wawili waliokuwa wakikamuliwa.

"Inakusalimia," alisema Kulow, akabonyeza kitufe cha kufuta. Kioo kikawa kitupu. Akawasha lori, likaitika mara moja, watazamaji wakapiga makofi. Kulow akawainamia kama afanyavyo siku zote, lakini kiganja chake kilikuwa kimeloa jasho la baridi, na jasho la baridi Garissa ni kitu cha kumpeleka mtu hospitali.

Sasa lazima tumseme Kulow, na tumseme hayupo, maana akiwepo hatatuacha tumalize sentensi.

Kulow alijulikana kutoka Garissa hadi Buna kwa jina la Daktari wa Simu. Dereva akikwama porini hakuhangaika kutafuta gari la kumvuta. Alimpigia Kulow, akaisogeza simu kwenye injini, akajaribu kuwasha. Kulow alifumba macho, chai mkononi, akasikiliza. "Hiyo pampu." "Hiyo nozeli ya tatu, ifungue uisafishe." Na ikawa kweli. Mara tisa katika kumi ilikuwa kweli, na ile ya kumi aliifanyia mzaha ikasahaulika.

Ile ya kumi ilikuwa Diriye.

Alipiga Alhamisi moja alasiri, amekwama njia ya vumbi kati ya Hagadera na Diff, mahali ambapo gari likipita leo, la pili unaweza kulingoja wiki. "Fundi, sikiza," alisema, kama walivyosema wote. Lakini Kulow wakati huo alikuwa harusini, maikrofoni mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, ukumbi mzima unamngoja amalize kisa cha mkwe na mbuzi. Akasikiliza sekunde tano. *Nyir, nyir, nyir*, ilisema stata, kisha kimya.

"Kompyuta imekufa hiyo," alisema. "Usiguse kitu. Kesho asubuhi nakuja na nyingine."

"Fundi, maji yangu kidogo. Kuna kisima mbele, saa tatu kwa miguu. Niende nirudi?"

"Uache mzigo wa watu? Kaa hapo hapo. Nakuja." Akaitia simu mfukoni, akamaliza kisa. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Akasema adhuhuri. Adhuhuri ilikuwa Ijumaa. Jioni akapiga simu, akaambiwa mteja hapatikani, na jambo ambalo hakupata kumwambia mtu, wala mkewe, ni kwamba aliposikia hivyo alishusha pumzi. Alifurahi. Alijiambia: ameshapata mtu wa kumsaidia huyo. Jumatatu wachunga ngamia walimkuta Diriye ameketi kwenye usukani, ufunguo mkononi, midomo imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Simu yake ilikuwa juu ya dashibodi, jua limeiua.

Lori lilipovutwa hadi gereji, Kulow alilipima peke yake. Mashine iliandika: *Umeme hautoshi wakati wa kuwasha. Mara 41.* Mara arobaini na moja Diriye aliuzungusha ufunguo. Kisha Kulow akaufuata ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesi, akagusa nati yake kwa vidole viwili, na nati ikacheza. Ilikuwa imelegea tu. Akaikaza kwa spana namba kumi na tatu, robo mzunguko. Akawasha. Injini ikanguruma safi, nzima, haina kosa duniani.

Aliizima upesi kuliko mtu anayemfunika mtoto mdomo. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, akailegeza nati tena, aje aikaze kimya kimya siku ya kufunga kompyuta mpya, akatoka nje, akamwambia Qali aliyekuwa ameketi kwenye jerikani na macho mekundu: "Kompyuta imekufa, abbaayo, dada yangu. Si kitu ambacho marehemu angeweza kutengeneza."

Qali alimshika mkono kwa mikono miwili. "Allah akulipe, walaal Kulow. Nilikuwa silali nikifikiria labda angeweza."

Ndiyo hiyo hali yake. Sasa rudini tuendelee.

Siku ya kwanza baada ya kufungwa kompyuta mpya, lori lilisimama gerejini likingoja mzigo. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, stata ikalia. *Nyir, nyir, nyir.* Kimya. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Abdimalik, dereva mpya, na Abdimalik alikuwa nje akitawadha.

"Nani yuko ndani?" aliuliza, mguu mmoja hewani, maji yanamchuruzika.

"Hakuna mtu," alisema Kulow. "Waya zinazoeana tu."

Alichomeka mashine. *Mara 42.*

Siku ya pili, adhana hiyo hiyo, stata hiyo hiyo. *Mara 43.* Kulow akafuta, ikajiandika tena mbele ya macho yake, tarakimu moja baada ya nyingine, bila haraka. Siku ya tatu Abdimalik alipakia unga, akaondoka, na kabla hajafika kizuizi cha polisi alirudi kwa miguu, kanzu imemgandia mgongoni, akamtupia Qali ufunguo kwa mbali kama anayetupa nge.

"Chukua gari yako, eedo."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya. Iko sawa sana." Abdimalik alishusha sauti hata watazamaji wakalazimika kusogea. "Nilisikia harufu. Harufu ya mdomo ya mtu amefunga siku nyingi. Halafu pale kiti cha abiria mtu akasema pole pole, *Si hapa. Mimi niliambiwa nikae huko nyuma.* Na gari ikazima. Nikiigeuza kuelekea huko nyuma, inawaka. Nikiigeuza mbele, inazima. Walahi mimi siendeshi gari ambayo ina dereva tayari."

Mtu mmoja alicheka kwa mazoea, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

Qali alimtazama Kulow. "Wewe ndiye uliifunga. Umefunga nini ndani ya gari yangu?"

"Abbaayo, kompyuta mpya inahitaji kuzoea…" Aliusikia uongo ukitoka kinywani, laini, umevaa vizuri, na aibu ikampanda kutoka tumboni hadi masikioni. Watu walidhani ni jua.

Lori lilivutwa tena hadi gerejini, na siku ya nne Kulow aliwafukuza watazamaji wote, akafunga geti la mabati, akabaki nalo peke yake mchana mweupe, saa ambayo hata kivuli cha mtu kinaingia chini ya miguu yake kujificha. Alikuwa na wazo la kifundi. Angeing'oa ile kompyuta mpya na kurudisha ya zamani, maana ya zamani alijua ni nzima, ilikuwa ndani ya droo yake imefungwa kwenye kitambaa, na kwa muda wote huo alikuwa hawezi kuifungua droo hiyo hata kutafuta bisibisi. Akaing'oa mpya. Akaiweka chini juu ya gunia. Lori sasa halikuwa na kompyuta, na lori lisilo na kompyuta ni chuma tu, haliwezi hata kukohoa.

Adhana ikaanza.

*Nyir, nyir, nyir*, ilisema stata, na Kulow, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni mwa lori, aliona mahali pa ufunguo pakizunguka penyewe, pole pole, kwa uchovu, kama pamezungushwa na mkono ambao umeshafanya hivyo mara nyingi na hautarajii kitu, kisha pakarudi, kisha pakazunguka tena, na ile harufu aliyoisema dereva Abdimalik ikaja, harufu ya mdomo mkavu na ngozi iliyokaa juani, ikaja karibu sana, usawa wa sikio lake, na pumzi ndani yake, na kutoka chini ya sakafu, upande wa kushoto, mahali hasa ambapo waya mweusi unakutana na chesi, kukaanza kugongwa na kitu kigumu kidogo kama ukucha, *tak, tak, tak*, bila hasira, kama mtu anayemuuliza fundi: ni hapa? ni hapa, fundi? na Kulow akatoka nje kwa kinyumenyume, akapita bila kujua kati ya makopo ya grisi, akalipata geti, akalifungua, akaanguka mbele ya watazamaji wake ambao hawakuwa wameenda mbali, na kanzu yake ilikuwa imelowa mbele kwa namna ambayo hakuna mzaha unaoweza kuifunika.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Qali akamleta Sheikh Abdihafid, mtu mfupi, mkali, asiyependa mbwembwe. Alikuja asubuhi na chupa ya maji aliyoyasomea na habasoda kwenye karatasi. Alilizunguka lori mara saba akisoma, akainyunyizia kila gurudumu, kisha akaweka sikio kwenye bodi, akabaki hivyo muda mrefu kama Kulow alivyokuwa akifanya na simu.

"Huyu si jini wa kuchinjiwa," alisema. "Huyu ni karini. Kila mtu anazaliwa na wake, anatembea naye maisha yote, na mtu akifa yeye huenda zake. Huyu hajaenda. Mtu aliye hai alimwachia bwana wake neno, bwana wake akafa ameshika hilo neno, na huyu bado anamngoja aliyelisema."

"Neno gani?" Qali aliuliza kwa kunong'ona.

"Mimi nitajuaje? Aliyelisema anajua." Sheikh aliwageukia watu. "Na kama yuko hapa, aseme. Mimi nikimfukuza kwa nguvu atatoka kwenye chuma, ataingia kwa mtu."

Watazamaji wakatazamana. Kulow alitazama viatu vyake. Aliona kwamba kiatu cha kushoto kina tundu, akajishughulisha sana na tundu hilo.

Ndipo simu yake ikalia.

Aliitoa mfukoni. Kioo kiliandika: *Diriye Lori*.

"Weka sauti nje," alisema Sheikh.

"Ni mteja tu, macallin, nitampigia bad—"

"Weka sauti nje."

Kidole chake kikabonyeza. *Nyir, nyir, nyir*, ilisema stata, mbali sana, na upepo nyuma yake, upepo wa mahali pasipo na mti. Kisha sauti ya mtu, nyembamba, yenye adabu.

"Fundi. Niko hapo hapo uliponiambia. Bado ningoje?"

"Nambari… umekosea nambari, ndugu," Kulow alisema kwa ile sauti yake ya harusini, ya juu, ya kuchekesha. Maneno yakaanguka chini mbele za watu yakabaki pale.

Qali alifungua mkoba wake. Akatoa simu ya kaka yake, kioo kimekunjamana kwa joto, betri imevimba, imekufa tangu siku ile, akaiweka juu ya boneti. Alimtazama Kulow tu, na Kulow akaona jinsi ambavyo jambo lilikuwa likimfikia, hatua kwa hatua, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Alikupigia?" aliuliza.

"Fundi?" ilisema simu. "Kuna kisima. Niende?"

Kulow akapiga magoti kwenye mafuta. Alipofungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua watu wamekaa upande gani.

"Alinipigia," alisema. "Nilikuwa harusini nachekesha watu. Nilimsikiliza sekunde tano. Yeye alitaka kwenda kisimani, mimi nikamwambia akae. Nikasema nakuja. Sikwenda. Na kompyuta haikuwa imekufa, abbaayo Qali. Ilikuwa nati. Niliikaza mimi mwenyewe, gari ikawaka, nikailegeza tena, nikakudanganya, ukauza ngamia." Akaivuta simu karibu, kwa mikono miwili. "Diriye. Diriye, walaal, nisikilize. Si kompyuta. Upande wa kushoto, chini ya betri, fuata ule waya mweusi mpaka kwenye chesi. Spana kumi na tatu. Robo mzunguko tu. Halafu usiningoje. Nenda. Nenda kwenye maji."

Kisha ndani ya simu wakasikia sanduku la vifaa likifunguliwa, mkono ukipekua, chuma kikigusana na chuma. *Tak.* Nafasi. *Tak.* Mlango wa lori ukafungwa. Na injini ikanguruma, ndani ya simu na mbele yao kwa pamoja, lile lori lisilo na ufunguo, lisilo na mtu, lisilo na kompyuta, kompyuta yake iko juu ya gunia watu wote wanaiona, likanguruma muda wa mtu kusoma Fatiha moja, likapungua, likapungua, likazimika kwa upole kama linavyozimwa na dereva anayelipenda gari lake.

"Ametoka," alisema Sheikh Abdihafid, akaifunika chupa yake.

Watu walinong'ona *alhamdulillahi*. Kulow hakuinua uso. Alingoja Qali ampige, apige kelele, amtemee mate, angeshukuru. Qali alirudisha simu iliyokufa mkobani na kusema kwa sauti ya kawaida:

"Simama. Ruweyda asisikie haya sokoni. Atasikia kwako."

Ruweyda alikuwa mjane wa Diriye, bado yuko eda, nguo nyeupe, haonani na wanaume wa nje. Kwa hiyo Kulow aliketishwa kwenye mkeka barazani, Qali pembeni yake, na mbele yake pazia. Akasema yote kwa pazia. Alisema ya harusi, alisema ya nati, alisema hata ile pumzi aliyoishusha alipoambiwa mteja hapatikani, jambo ambalo gerejini alikuwa amelibakiza. Pazia halikutikisika. Nyuma yake mtoto aliuliza kitu kwa Kisomali, akanyamazishwa.

Kisha chini ya pazia ukatoka mkono wa Ruweyda na glasi ya maji. Kwa sababu mgeni akifika mlangoni hupewa maji, hata awe ameleta nini.

Kulow aliitazama ile glasi. Koo lake lilikuwa limekauka kwa kusema. Akasema bismillah, akaiinua, akaipeleka mdomoni. Hakuna kitu kilichomgusa ulimi. Akaishusha. Ilikuwa kavu, kavu kabisa, bila hata tone kwenye kuta zake.

"Hajamwaga," Qali alisema taratibu, akiutazama mkeka. "Nilikuwa namtazama."

Mkono ukatoka, ukaichukua glasi, ukairudisha imejaa mpaka ukingoni. Kulow aliishika kwa mikono miwili, na safari hii hakufumba macho, na aliyaona maji yakishuka ndani ya glasi, kidole kwa kidole, mbele ya midomo yake, na akasikia, karibu na shavu lake, mtu akimeza.

Pazia likasogea kidogo. Jicho moja la Ruweyda lilimtazama, kisha likatazama nafasi iliyokuwa wazi kando yake kwenye mkeka, likakaa hapo muda mrefu. Alipotoa glasi ya tatu hakuiweka mbele ya Kulow. Aliiweka kwenye ile nafasi, akaigeuza kidogo ili ielekee mnywaji, kama mke anavyomwekea mumewe aliyetoka safari.

"Kunywa, Diriye," alisema. "Kunywa pole pole. Huyu atangoja."